Sinema za Kutisha na za Kipuuzi: Ni Nani Aliyeziona?

Si siku nyingi zilizopita tulihudhuria mkutano wa wazazi katika kijiji kimoja kisicho mbali na shule tunayofundisha. Mkutano ulifanyika baada ya ibada, chini ya mwembe, na shauri lililoletwa lilikuwa moja tu, nalo ni habari ya kibanda cha video kilicho karibu na soko. Mzee mmoja mwenye heshima, ambaye sisi twampenda, alisimama akasoma karatasi yenye majina ya sinema alizotaka zikatazwe zisionyeshwe tena mahali pale. Zilikuwa za namna tatu: sinema za kutisha, zenye majitu na maiti watembeao usiku, sinema za kuchekesha kwa mambo ya kipuuzi yasiyo na kichwa wala miguu, na sinema za kale za ajabu ajabu, ambazo hata huko zilikotengenezwa watu walizidharau, kisha wachache wakazipenda kupita kiasi.

Alipokwisha kusoma, watu wakapiga makofi. Ndipo sisi tukaomba ruhusa ya kuuliza swali moja: Ni nani kati yetu aliyeziona sinema hizi? Pakawa kimya. Kisha vijana wawili waliokaa nyuma wakainua mikono nusu, wakatazamwa kwa macho makali, wakaishusha. Mzee mwenyewe alikiri kwa unyofu kwamba hajaiona hata moja, akaongeza kwamba mtu hana haja ya kuonja sumu ndipo ajue kuwa ni sumu. Watu wakacheka, na shauri likapita.

Jibu hilo ni tamu masikioni, walakini halitoshi. Chupa ya sumu hujulikana kwa jina lililoandikwa juu yake. Nasi twauliza, aliyeliandika jina hilo alijuaje? Yule aliyeandika alikwisha kuipima. Pasipo wa kupima, kila chupa tusiyoipenda itaitwa sumu, na huenda dawa ikamwagwa pamoja nayo, na sumu ya kweli ikabaki rafuni kwa kuwa imeandikwa jina zuri. Hilo ndilo jambo linalotufanya tushike kalamu leo. Hatuandiki ili kumtetea mwenye kibanda, kwa maana yeye ana makosa yake, nasi tutayataja. Twaandika kwa sababu twaona kwamba wazee wetu wameifunga sinema isiyo na hatia, wakaiacha wazi ile inayotuua.

Kwanza tukiri ili tusidhaniwe kuwa tunaficha kitu. Sisi ni wapenzi wa sinema hizo tangu tulipokuwa katika chuo cha ualimu. Tumeziona nyingi, mbaya na nzuri. Wala hazikutuzuia kufundisha, wala kusali, wala kulala usingizi, ila usiku mmoja au miwili.

Na tuanze na sinema za kutisha. Husemwa kwamba zinaleta hofu moyoni na kufundisha uchawi. Twajibu: hofu haikuletwa na sinema. Ni nani kati yetu asiyesimuliwa na bibi yake habari za zimwi, moto ukiwa umefifia jikoni, hata akaogopa kwenda nje peke yake? Hatukumshitaki bibi mbele ya baraza. Tulijua ya kuwa hadithi ya zimwi ilitengenezwa ili mtoto ajifunze kutofuata kila amwitaye njiani, na kwamba mwisho wa hadithi zimwi hufa na watu hutoka tumboni mwake wazima. Sinema njema ya kutisha ni hadithi ya zimwi iliyoandikwa kwa nuru ukutani. Yatupasa kuuliza, zimwi lake ni nani, na hadithi yatufundisha nini?

Tuitazame Frankenstein, iliyotengenezwa Marekani mwaka 1931 na James Whale, Mwingereza. Mtu mmoja mwenye elimu na kiburi akusanya viungo vya maiti, akaunda kiumbe, akakipa uhai, kisha akakiogopa na kukikimbia. Kiumbe hicho, kilichoigizwa na Boris Karloff, hakijui kusema, wala hakijui lililo jema na lililo baya, hakuna aliyekifundisha. Chakutana na msichana mdogo kando ya ziwa. Mtoto hakiogopi, akipa maua, nao wayatupa majini wakitazama yanavyoelea. Maua yakiisha, kiumbe chamtwaa mtoto kwa furaha na kumtupa majini, kikidhani kwamba naye ataelea. Mtoto afa. Kipande hicho kilikatwa zamani kwa kuwa kilichukiza watu, kikarudishwa miaka ya 1980. Tena sikilizeni jambo la ajabu: kilipokatwa, sinema ilizidi kuwa mbaya, kwani watazamaji walimwona mtoto akifikiwa, kisha wakamwona amekufa, wakawaza maovu makubwa kuliko yale yaliyotendeka. Mwisho kijiji kizima chatoka na mienge na mbwa, chakifukuza kiumbe hata kwenye kinu cha upepo, na kukichoma moto.

Atazamaye vema hutoka humo akijiuliza: katika habari hii, zimwi ni nani? Ni yule asiyejua, au yule aliyemwumba akamtupa? Au ni sisi wenye mienge?

Whale alitengeneza sinema ya pili mwaka 1935, iitwayo Bride of Frankenstein. Ndani yake kiumbe kile, kimejeruhiwa, chafika kwenye kibanda cha mzee kipofu aishiye peke yake msituni. Kipofu hauoni ubaya wa uso wake. Amkaribisha, ampa chakula, amlaza kitandani, na kumshukuru Mungu kwa machozi kwa kuwa amemletea rafiki. Amfundisha neno la rafiki na neno la chema. Hata waja wawindaji wawili wenye macho mazima, nao wakiona tu waanza kupiga risasi, na kibanda chateketea. Sisi tumesikia mahubiri mengi juu ya kumkaribisha mgeni; lakini twakiri kwamba machache yalitushika moyo kama dakika zile chache za sinema ya majitu. Na hii ilikuwa katika karatasi ya mzee wetu, ya nne kutoka juu.

Tuitazame nyingine, Freaks, ya mwaka 1932, iliyotengenezwa na Tod Browning. Watu wake ni walemavu wa kweli waliokuwa wakionyeshwa katika maonyesho ya kusafiri: wafupi, wasio na mikono, wasio na miguu, mapacha walioungana. Mwanamke mmoja mrembo, mwenye kucheza kwenye bembea ya sarakasi, aolewa na mtu mfupi kwa sababu ya urithi wake, kisha amtilia sumu kidogo kidogo akishirikiana na bwana mwenye nguvu. Wahenga walisema, cheka uchafu usicheke kilema. Tena walisema, hujafa hujaumbika. Sinema hii ni methali hizo mbili. Wenye maumbo mazuri ndio wenye mioyo miovu, na walemavu ndio wenye upendano na agano, ijapokuwa kisasi chao mwishoni chatisha kweli. Watu wa siku zile hawakuivumilia. Ilikatwa vipande hata ikabaki kama dakika 64. Uingereza waliikataa kwa muda wa miaka 30 na zaidi, hata mwaka 1963. Na Browning hakupata tena heshima aliyokuwa nayo. Katika kiwanda kile kile walikoitengeneza, wengine walinung'unika kwamba hawawezi kula chumba kimoja na walemavu hao, hata wengi wao wakatengewa mahali pa kulia nje. Basi waliosema kwamba sinema hiyo yachukiza, walichukizwa na nini hasa?

Ya tatu ni Night of the Living Dead, iliyotengenezwa na George Romero na rafiki zake karibu na Pittsburgh, ikaonyeshwa mwaka 1968. Ilitengenezwa kwa fedha kidogo sana. Nao walipobadili jina la sinema, alama ya haki miliki ikasahauliwa, hata ikawa mali ya kila mtu. Maiti wafufuka na kula walio hai, na watu saba wajifungia katika nyumba ya shamba. Aongozaye, mwenye akili na utulivu, ni mtu mweusi, aliyeigizwa na Duane Jones. Na katika siku zile Marekani jambo hilo lilikuwa geni. Walio ndani hawapatani. Kila mtu avutia kwake, kama mwamba ngoma, na kutopatana kwao kwawaua zaidi ya maiti walio nje. Mtu mweusi peke yake aishi hata asubuhi. Asikia sauti za watu, asogea dirishani. Waliokuja kuokoa, wanaume wenye bunduki na mbwa, wamwona kwa mbali, hawaulizi, wampiga risasi ya kichwa, na kumtupa motoni pamoja na maiti. Hapo ndipo mwisho. Sinema hiyo ilitoka miezi sita baada ya kuuawa kwa Martin Luther King. Atakayesema kwamba hiyo ni sinema ya maiti tu, huyo hakuitazama.

Angalieni, ndugu zetu, jinsi sinema hizo tatu zinavyokutana mahali pamoja. Jitu ni jitu, na maiti ni maiti. Lakini la kuogopwa kuliko yote ni kundi la watu wenye hakika, wenye mienge au bunduki, wasiouliza. Kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa tuseme lile lililotuchoma moyo. Katika nchi yetu ya Tanzania, katika mikoa ya kandokando ya Ziwa na hata kwingineko, kwa miaka mingi akina mama wazee wameuawa kwa mapanga kwa kuwa macho yao ni mekundu. Wameinama juu ya mafiga maisha yao yote, wakipika kwa kuni na samadi, moshi ukiwaingia machoni, ili sisi tule; na malipo yao ni kuitwa wachawi. Vivyo hivyo ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa na kukatwa viungo kwa sababu ya maneno ya waganga. Mambo hayo hayakuletwa na Frankenstein, wala waliotenda hawakufundishwa na Romero.

Walakini ziko sinema ambazo twaziogopa kwa hofu ya kweli, nazo hazikuwamo katika karatasi ya mzee. Ni zile ambazo ndani yake biashara ya kijana ikianguka, au mke asipopata mimba, mwisho wa habari wafunuliwa: ni bibi wa kijijini aliyemloga, au ni mtoto mdogo wa nyumbani mwenye mapepo. Ndipo aja mhubiri mwenye suti, apiga kelele, bibi aungua au aanguka kufa, na watu washangilia. Nigeria walitengeneza nyingi za namna hiyo. Iko moja iitwayo End of the Wicked, ya mwaka 1999, iliyoonyesha watoto wakiingizwa katika uchawi na kuwadhuru wazazi wao. Watetezi wa haki za watoto waliilaumu vikali, wakisema kwamba sinema kama hizo zachochea wazazi kuwatesa na kuwafukuza watoto wao kwa tuhuma za uchawi. Sinema hizo huonyeshwa mchana, watoto wakiwapo, na nyingine huonyeshwa katika nyumba za waaminifu, kwa sababu zina maombi ndani yake. Hizo ndizo zenye jina zuri juu ya chupa.

Tofauti ni hii, na twaomba kila msomaji aipime mwenyewe. Sinema ya maiti watembeao huisha, taa huwashwa, nawe warudi nyumbani ukijua kwamba hakuna maiti barabarani. Lakini sinema ya bibi mchawi haiishi taa zikiwashwa, kwa sababu bibi yuko. Amekaa mlangoni pake, macho mekundu, nawe lazima upite hapo ukienda kulala.

Basi tuje kwenye sinema za kipuuzi. Mzee alitaja moja kwa uchungu mwingi, nasi twaelewa uchungu wake: Life of Brian, ya kundi la Waingereza liitwalo Monty Python, iliyotoka mwaka 1979. Ni habari ya Brian, mtu wa kawaida, aliyezaliwa siku moja na Bwana wetu katika zizi la jirani, ambaye watu wamfuata kwa nguvu wakisema kwamba ndiye Masihi, ijapokuwa yeye akana na kuwasihi waende zao. Ireland waliikataza hata mwaka 1987. Norway waliikataza kwa muda. Halmashauri kadhaa za Uingereza nazo zikaikataza. Wauzaji wa Sweden wakaitangaza kuwa ni sinema ya kuchekesha mno, hata Norway imeikataza. Hayo ndiyo matunda ya kukataza!

Mwaka huo huo wa 1979, katika televisheni ya Uingereza, wawili wa kundi hilo, John Cleese na Michael Palin, waliketi kujadiliana na mwandishi Malcolm Muggeridge na askofu wa Southwark, Mervyn Stockwood. Wakubwa hao wawili waliwashambulia kwa ukali kwamba wamemdhihaki Kristo. Baadaye waigizaji wakaeleza kwamba wale wawili walichelewa kufika kuitazama sinema, wakakosa dakika kama 15 za kwanza. Na katika dakika hizo ndimo mna mamajusi wanaokosea zizi, kisha wakagundua kosa lao na kwenda kwenye zizi la kweli lenye nuru. Tena ndimo mna Yesu mwenyewe akihubiri mlimani, kwa heshima, bila neno la mzaha. Mzaha ni wa wale walio mbali nyuma ya umati, wasiosikia vema na kugombana wao kwa wao. Yaani sinema yenyewe yasema mapema kwamba Brian siye Kristo, na kwamba wanaochekwa ni wale wasikiao nusu. Nikodemo aliwauliza wakubwa wenziwe kama ni halali kumhukumu mtu kabla ya kumsikia, nao wakamtukana. Kumbe swali hilo bado linatafuta jibu.

Hatusemi kwamba yote yaliyomo yatupendeza. Wimbo ule wa mwisho, uimbwao na watu waliotundikwa msalabani, ulitukwaza, wala hatutausifu. Lakini mtu aliyekwazwa na jambo aliloliona anayo haki ya kusema. Mtu aliyekwazwa na jambo alilosimuliwa hana budi kwenda kuliona kwanza.

Na upuuzi wenyewe, je, ni kosa? Kundi hilo hilo mwaka 1975 lilitengeneza Monty Python and the Holy Grail, habari za mfalme Arthur na mashujaa wake. Hawakuwa na fedha za farasi. Basi mfalme akimbia kwa miguu kama mtoto achezaye, na nyuma yake mtumishi agonganisha vifuu viwili vya nazi, ko-ko ko-ko, kuigiza kwato. Hawafichi, hata askari mlinzi wa ngome amwuliza mfalme nazi hizo amezitoa wapi katika nchi ya baridi, na majadiliano ya nazi yawa marefu kuliko ya ufalme. Sisi watu wa nchi ya minazi tulicheka hata machozi. Sisi tuliolelewa kwa hadithi za Abunuwasi, aliyemwambia jirani yake kwamba sufuria imezaa, kisha imekufa, twawezaje kusema kwamba upuuzi hauna maana? Abunuwasi alitumia upuuzi kuwaumbua wakubwa na wenye choyo, nasi twawasimulia watoto darasani na kuwauliza: kosa ni la nani?

Jambo la tatu ni zile sinema zilizodharauliwa, kisha zikapata wafuasi. Mzee alisema: ikiwa wenyewe walizitupa, kwa nini sisi tuziokote? Twajibu kwa mifano.

Nosferatu, sinema ya Kijerumani ya mwaka 1922 iliyotengenezwa na F. W. Murnau, ilitokana na kitabu cha Dracula bila ruhusa. Mjane wa mwandishi akashitaki, akashinda, na mahakama ikaamuru nakala zote ziharibiwe. Nakala chache zikaokoka. Na leo wajuao sinema waihesabu kuwa miongoni mwa zilizo bora za zamani zile.

Plan 9 from Outer Space, ya Mmarekani Ed Wood, ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1957, kisha ikasambazwa miaka miwili baadaye. Fedha zake zilitoka kwa Wakristo wa Kibaptisti, waliotumaini kupata faida wakatengeneze sinema za dini. Walikataa jina la kwanza kwa kuwa lilitaja wezi wa makaburi, na Wood na baadhi ya wenziwe wakakubali kubatizwa. Mwigizaji wake mkuu, Bela Lugosi, alikuwa amekwisha kufa mwaka 1956, akiacha vipande vichache vya picha. Wood akamtia mahali pake mtu mwingine asiyefanana naye hata kidogo, akamwambia afunike uso kwa joho. Mawe ya makaburi yayumba mtu akiyagusa. Mwaka 1980 waandishi wawili wa Marekani waliitangaza kwamba ni mbaya kuliko sinema zote za dunia, na tangu hapo watu wameipenda. Kwa nini? Kwa sababu waona ndani yake mtu asiye na fedha wala kipawa kikubwa, aliyependa kazi yake kwa moyo wote asiache. Kulenga si kufuma. Lakini asiyelenga kabisa hana haki ya kumcheka aliyekosa shabaha.

Wala mfano hauko mbali. Katika mtaa wa Wakaliga, Kampala, Isaac Nabwana, aliyewahi kufyatua matofali ili apate riziki, alitengeneza na jirani zake sinema iitwayo Who Killed Captain Alex?, mwaka 2010, kwa fedha ambazo zasemwa hazikufika dola 200. Bunduki ni za kuchongwa, helikopta ni picha za kompyuta aliyoiunga mwenyewe, na juu ya yote yasikika sauti ya msimulizi, VJ Emmie, akiwatania waigizaji na kuwashangilia, kama wafanyavyo wasimulizi wa Kiswahili katika vibanda vyetu vya Dar es Salaam. Mtu wa karatasi ya majina angeifunga dakika ya kwanza. Lakini watu wa Ulaya na Marekani wameitafuta na kuicheka kwa mapenzi, na wengine wamesafiri hata Wakaliga kuigiza pamoja nao.

Labda mtu atasema: afadhali tukataze zote, tuwe salama. Waingereza walijaribu. Miaka ya 1980 waliingiwa na hofu ya kanda za video. Magazeti yakapiga kelele, waongoza mashitaka wakaandika orodha ya sinema 72, na mwaka 1984 ikatungwa sheria. Mbunge mmoja alisema katika televisheni kwamba utafiti utaonyesha kuwa kanda hizo zadhuru si vijana tu, bali hata mbwa. Moja ya zilizoandamwa ilikuwa The Evil Dead, ya Sam Raimi, ya mwaka 1981. Nayo mwaka 2001 ikaruhusiwa huko huko pasipo kukatwa. Vijana wa siku zile walifanya nini? Waliifanya orodha ya waongoza mashitaka kuwa orodha ya kutafutia sinema. Na katika kijiji chetu, juma lile lile la mkutano, tulimwona kijana ananakili majina ya karatasi katika simu yake.

Tena tukumbuke historia yetu. Toka mwaka 1935 hata 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na kazi ya kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika, iliyosimamiwa na wamisionari na wataalamu wa Kizungu. Walitengeneza sinema 35, nyingi za kufundisha habari za safura, kodi, akiba na kilimo. Hatuzidharau, safura ilikuwa ikiua. Lakini katika siku zile na baadaye, wako waliosema kwamba mtu mweusi hawezi kufahamu sinema ya haraka, kwamba apewe iliyo polepole na nyepesi, na kwamba wengine wamchagulie. Babu zetu walivumilia dharau hiyo. Je, sisi tuliosoma tuwatendee vijana wetu vivyo hivyo?

Sasa makosa ya mwenye kibanda. Yeye huwaruhusu watoto wa darasa la pili kuingia usiku pamoja na watu wazima, kwa kuwa sarafu zao ni sarafu. Hilo ni baya, wala hatulitetei hata kwa neno moja. Mtoto mdogo hajui bado kwamba damu ile ni rangi. Na akatazwe, na wazazi wasimwachie mwenye kibanda kazi yao ya kujua mtoto yuko wapi saa tatu ya usiku. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Tena ziko sinema za kukata na kuchinja tu, zisizo na hadithi wala huruma. Tumeziona, na hatukupata kitu.

Basi shauri letu ni hili. Kwanza, asihukumu asiyeona. Na wazee wachague watu watatu au wanne, wazee, akina mama na kijana mmoja, waitazame sinema yote tangu mwanzo, si kwa kuchelewa robo saa. Pili, watoto wawe na siku yao na saa yao, mchana. Tatu, mwalimu akae na vijana baada ya sinema ya kutisha, awaulize: zimwi lilikuwa nani, na kundi lenye mienge lilikosa wapi? Nne, sinema ifundishayo kwamba jirani au bibi au mtoto ndiye mchawi isionyeshwe, hata ikiwa na maombi mia ndani yake. Na ikiwa imekwisha kuonyeshwa, mhubiri asimame Jumapili aikane waziwazi.

Mzee wetu hatuna ugomvi naye. Tulipomweleza habari ya kipofu na jitu, alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama sinema hiyo yaweza kupatikana. Tumemwahidi kumletea. Ataitazama barazani pake pamoja nasi, na pamoja na mama yake mzazi, ambaye ana miaka mingi, na macho yake ni mekundu kwa moshi.

Mwenye neno la kutupinga na aandike, twamkaribisha. Ila tutamwuliza kwanza: Je, umeiona?